Kopo kwenye Meza ya Shukrani

Mama Ushuhuda aliposikia sahani ikianguka, aliruka kutoka kwenye cherehani, na kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata ya kumgusa mtoto, ni kufunga mlango. Tusiwe wepesi kumhukumu. Uani majirani wawili walikuwa wakianika nguo huku wakicheka, na kuta za nyumba ile ya kupanga zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya chumba cha mwisho, wa chumba cha kwanza humwambia pole. Akafunga mlango, akafunga dirisha, ndipo akapiga magoti.

Binti yake alikuwa chini sakafuni, macho yamepinduka, mikono na miguu inapiga saruji, povu mdomoni. Mama akamgeuza ubavu, akavuta joho la kwaya alilokuwa akilishona, akalisukuma chini ya kichwa kile kisiumie. "Kwa jina la Yesu, toka!" akakemea. Lakini alikemea kwa kunong'ona, maana hata shetani siku hiyo ilibidi akemewe kwa siri.

Kifafa kilipomwachia, mtoto akalegea mwili mzima. Huyu ndiye Chiriku, msichana wa darasa la tano, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki tangu alipojua kusema. Sasa alikuwa ameung'ata ulimi, na lile joho jeupe lilikuwa na doa la damu kwenye kola. Haikuwa mara ya kwanza kuanguka tangu kanisa lishangilie kwamba amepona. Mara ya kwanza mama aliiita uchovu. Iliyofuata akaiita jua kali. Baada ya hapo hakuiita chochote, alimwambia tu mtoto asimwambie mtu.

Mlango ukagongwa.

"Mama Ushuhuda! Kuna nini humo? Mbona mmejifungia mchana kweupe?"

"Nampima mtu nguo, jirani!" akajibu, na sauti ikamtoka laini kabisa, ya mtu mwenye amani zake. Jirani akaenda. Mama akabaki pale chini, mkono mmoja kwenye kifua cha mtoto akihesabu pumzi, mwingine ukisugua doa.

*

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, ambaye kanisani alionekana kwenye harusi na misiba tu. Alirudi kula chakula cha mchana, akakuta sufuria halijabandikwa, mtoto amelala, na mkewe ameinamia beseni anafua joho.

"Ameanguka tena," akasema. Hakuuliza.

"Ni majaribu ya shetani."

"Shetani gani? Mama Chiriku, huyu mtoto alikuwa anakunywa dawa, akakaa mwaka mzima bila kuanguka. Umemwachisha dawa, anaanguka. Mimi nikitoa mpira kwenye bomba, bomba likavuja, simsingizii shetani."

"Usilinganishe kazi ya Mungu na mabomba yako!" Mama akatupa joho ndani ya beseni, maji yakaruka mpaka ukutani. "Mimi nilisimama mbele ya kanisa zima. Nilisema Mungu amemponya, na kweli alimponya! Mungu habadiliki, Baba Chiriku. Si kama sisi, leo hivi kesho vile. Akishatoa hanyang'anyi. Sasa nikasimame tena niwaambie ugonjwa umerudi? Nitakuwa nimesema nini? Kwamba amegeuka? Kwamba alimpa mwanangu uzima, halafu akaghairi?"

"Hayo mimi siyajui. Ninachojua ni kwamba unafunga mlango."

"Nafunga kwa sababu ya watu."

"Kama amepona, watu wanakuhusu nini?"

Mtu akibanwa huokota neno la karibu. "Wewe huna imani," akasema, "ndiyo maana nyumba hii haina baraka." Papo hapo akatamani kulirudisha neno lile mdomoni, lakini lilikuwa limeshatoka.

Fundi bomba hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza mkewe. Aliinua mkoba wake wa vifaa bila kula kitu. Alipofika mlangoni akageuka. "Nenda kwa nesi leo. Sikuamuru, nakuomba. Mtoto tunaye huyu mmoja tu."

*

Alimwacha mtoto amelala, akafunga mlango, akaenda zahanati. Nesi alimwona kwa mbali, na wala hakungoja afike. "Aaa, Mama Ushuhuda! Karibu! Si wewe uliyekuja hapa ukataka nifute jina la mwanao, kwamba kifafa sasa ni hadithi?"

Benchi zima la akina mama wenye watoto mapajani likageuza shingo. Mama Ushuhuda akacheka kicheko kisicho na meno.

"Nimekuja kuulizia tu ile dawa, nesi. Kwa tahadhari."

"Tahadhari. Ameanguka?"

"Amepata kizunguzungu kidogo."

Nesi alikuwa amedanganywa na wagonjwa miaka mingi, alijua uongo hata ukija umevaa vizuri. Akamsogelea, akashusha sauti, na huruma ile ikamchoma mama kuliko kejeli. "Dada yangu, nisikilize. Dawa ya kifafa haikatwi ghafla. Ukiikata, kifafa kinarudi na hasira zake. Kinaweza kuja mfululizo, kimoja juu ya kingine, bila mtoto kuzinduka. Hapo tunampoteza. Umenielewa? Tunampoteza. Na mimi hapa dawa hiyo imeniishia mpaka gari la bohari ya dawa lije katikati ya wiki. Lakini mara ya mwisho nilikupa kopo zima. Liko wapi?"

"Lipo."

"Lipo wapi?"

"Lipo mahali."

Nesi akamtazama. "Basi popote lilipo, lichukue, umpe leo hii. Haitamkolea mara moja, itachukua siku kadhaa. Na akianguka akashindwa kuzinduka, usikae nyumbani kuimba mapambio. Mkimbize hospitali kuu."

"Ahsante, nesi."

"Usinishukuru. Mpe dawa."

Akapita mbele ya lile benchi akiwa ameinua kichwa. Nyuma yake mama mmoja akauliza kwa sauti ambayo hakujali kuificha, "Si ndiye yule tuliyeambiwa mwanawe ameponywa?"

*

Mahali penyewe palikuwa kanisani, mbele kabisa, chini ya mimbari, kwenye Meza ya Shukrani. Kanisa lile lilikuwa na desturi yake. Mtu akiombewa akapona, kile alichokitegemea wakati wa ugonjwa alikileta pale, akakiacha mbele ya watu wote, kisirudi naye nyumbani. Palikuwa na mkongojo, miwani yenye kioo kilichopasuka, mkanda wa mgongo, bendeji. Na katikati, juu ya kitambaa alichokitarizi mama mwenyewe, palikuwa na kopo jeupe la kifuniko cha buluu lenye jina la Chiriku. Siku alipoliweka, watu waliruka, wakalia, wakamwinua juu juu. Tangu siku hiyo alikuwa Mama Ushuhuda, na kiti chake kilikuwa safu ya mbele. Mchungaji hakumwambia alete dawa. Lakini hakumwambia asilete.

Alimkuta mzee mtunza kanisa anapiga deki. Mzee alifurahi mpaka akaacha kazi.

"Karibu, mama yetu! Wewe hata Jumamosi hutulii? Umekuja kumshukuru Mungu wako?"

"Nimekuja kuomba kidogo, mzee."

"Omba, mama, omba. Mimi wala sikusumbui." Na kweli hakumsumbua. Alijikalia tu kwenye benchi akimtazama kwa mapenzi, na hapo ndipo palipokuwa na balaa.

Mama alipiga magoti mbele ya meza. Kikapu alikuwa amekuja nacho makusudi, khanga ikiwa juu ili kufunika. Kilichobaki ni kunyoosha mkono. Akaunyoosha, na mkono ukaganda hewani. Ubavuni mwa kopo la Chiriku palikuwa na kopo jingine, jeupe vilevile, la kifuniko cha buluu vilevile.

"Mzee, hili ni la nani?"

"Hujasikia? La kijana wa mama muuza mkaa! Si naye anaangukaga kama alivyokuwa Chiriku? Mama yake amelileta juzi kwenye maombi ya akina mama. Ungekuwepo ungelia. Alisema, kama Mungu wa Mama Ushuhuda ndiye Mungu wangu, na ni yuleyule habadiliki, basi alichompa yeye na mimi amenipa. Loo! Hata Mchungaji alifuta machozi. Kesho anatoa ushuhuda wake ibadani." Mzee akacheka kwa furaha. "Umeona ulivyozaa matunda?"

Mama akalitazama lile kopo la pili. Alimjua yule kijana, mpole, mrefu, anayemsaidia mama yake kupanga mkaa kwenye makopo. Na nyumba ya muuza mkaa haikosi jiko linalowaka. Neno lilikuwa tayari ulimini: mzee, nimekosea, niitie Mchungaji. Lakini akaona wanawake watakavyoacha kumpisha. Akaona atakavyorudi kukaa nyuma, karibu na mlango, na vidole vitakavyomfuata. Akainuka, akasema amina, akatoka na kikapu chake kama alivyokuja nacho. Njiani alitembea mbiombio akijitukana kwa majina yote aliyoyajua, na hakurudi.

*

Jioni Chiriku aliamka, ulimi umevimba, maneno yanamtoka kama ya mtu mwenye tonge mdomoni. Lakini aliongea. Angeshindwaje kuongea, na yeye ni Chiriku?

"Mama, nimemkosea nini Mungu?"

"Hujamkosea kitu. Pumzika."

"Nimepumzika mpaka nimechoka. Sasa kama sijamkosea, mbona amechukua uponyaji wake?"

"Hachukui. Mungu habadiliki, si nimekufundisha?"

Mtoto akawaza akitazama bati. Baba yake alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, anakaza koki ya mteja.

"Wakati ule nilipokuwa nakunywa vidonge, alinipenda?"

"Alikupenda, mwanangu. Sana."

"Sawasawa na siku ile watu waliporuka kanisani?"

"Sawasawa."

"Hakuzidisha siku ile?"

"Hazidishi wala hapunguzi."

"Sasa kopo tulimpelekea la nini?"

Spana ya fundi bomba ikanyamaza. Hakuinua kichwa, kwa heshima tu, mkewe asione kwamba amesikia. Mama akachukua kikombe cha maji, akamnywesha mtoto kidogo kidogo, na kilipokwisha akaendelea kukishikilia mdomoni pake kikiwa kitupu.

*

Asubuhi, kengele ya kanisa ikilia, kifafa kilikuja, kikaondoka, kikarudi kabla mtoto hajafumbua macho. Fundi bomba alivaa shati akaligeuza nje ndani, wala hakujua.

"Nakwenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali kuu," akasema. "Wewe kaa naye."

"Hapana, kaa naye wewe kwanza. Mimi naifuata dawa."

"Iko wapi hiyo dawa?"

"Kanisani."

Akamtazama mkewe. Angeweza kusema mengi wakati ule, na yote yangekuwa haki yake. "Kimbia," akasema. "Lakini, Mama Chiriku, urudi na dawa. Usinirudie na maombi matupu."

Akakimbia. Alikimbia na gauni la kulalia, khanga kiunoni, ndala miguuni, kichwa wazi. Kanisa lilikuwa limejaa, kwaya imesimama kwenye majoho aliyoyashona, mwimbaji mmoja tu ana nguo zake za nyumbani, maana joho lake lilikuwa kwenye beseni. Wahudumu walipomwona wakamfungulia njia mpaka mbele.

"Mnaona?" Mchungaji akasema kwenye kipaza sauti, uso umemng'aa. "Nilikuwa namuulizia, na Mungu amemleta! Mama Ushuhuda, njoo hapa, umtie moyo dada yetu kabla hajasema."

Mama muuza mkaa alikuwa tayari mbele. Alivaa gauni lake zuri, mikono ameisugua mpaka imekwaruzika, lakini weusi wa mkaa bado ulikuwa chini ya kucha. Alikuwa peke yake.

Mama hakwenda kwenye kipaza sauti. Alikwenda mezani, akalinyakua kopo la Chiriku. Kanisa likapiga makofi kwa nguvu, wakidhani anataka kulinyanyua walione. Wengine walisimama. Vigelegele vikapigwa. Hakuna aibu iliyowahi kumfika ambayo ilifanana na makofi yale.

"Nyamazeni!" akapaza sauti. "Nyamazeni, jamani! Mwanangu anakufa!"

Makofi yakafa safu moja baada ya nyingine.

"Chiriku anaanguka. Anaanguka tangu nilipoacha kumpa dawa hii. Nimewaficha. Nimefunga mlango, nimewadanganya majirani, nimemfundisha mtoto kudanganya. Nilisema nikikiri, nitakuwa nimesema Mungu amegeuka." Pumzi zilimkata. "Mungu hakugeuka. Alikuwa anamtunza mwanangu kwa vidonge, kila siku, kimya kimya. Mimi nikamrudishia hapa. Nilitaka cha kupigiwa makofi."

"Imani imempungukia," sauti ya mwanamke ikasema, si kwa siri.

"Atolewe, asije akawakwaza wachanga wa imani," mwingine akadakia.

Mchungaji alifunika kipaza sauti kwa kiganja. Jasho lilikuwa limemtoka. "Mama, mambo haya... tungeyaongea ofisini, taratibu."

"Sina muda wa ofisi, Mchungaji." Akachukua lile kopo la pili, akamgeukia muuza mkaa. "Mwanao yuko wapi?"

"Yuko nyumbani."

"Anafanya nini nyumbani siku ya ushuhuda wake?"

"Amelala." Alitazama watu, akatazama kopo, akashindwa kuendelea kuficha. "Jana alianguka karibu na jiko. Mkono umeungua. Nimemwacha ndani, nimefunga mlango."

Mama Chiriku akaliweka kopo mikononi mwake. Muuza mkaa alilipokea kwa mikono miwili, hakusema ahsante, hakumlaumu. Wakatoka mbio pamoja katikati ya kanisa, na nje kila mmoja akashika njia yake.

*

Kwa mbali aliona mlango wa chumba chake uko wazi kabisa na watu wamejaa mbele yake. Watu hawajazani mlangoni bure. "Amekufa," akasema peke yake, "nimemuua." Hata hivyo akaendelea kukimbia, maana hakujua la kufanya jingine.

Watu wakampisha. Ndani, wale majirani wawili wa kamba ya nguo walikuwa sakafuni. Mmoja amempakata Chiriku ubavu, mwingine anampepea kwa sahani ileile iliyoanguka jana. Fundi bomba ndiye aliyefungua mlango, akapiga kelele kuita watu, kisha akakimbilia gari.

"Mama Chiriku," jirani akasema, naye machozi yanamtoka, "kumbe mzigo wote huu uliubeba peke yako? Sisi tulikuwa hapo ukutani."

Macho ya mtoto yalikuwa wazi nusu. Mama akalifungua kopo kwa haraka, vidonge viwili vitatu vikamwagika. Akakiponda kimoja kwenye kijiko na maji, akangoja mpaka mtoto akaweza kumeza, akamtilia mdomoni. Alijua haitamkolea leo. Nje honi ikalia, na sauti ya mumewe ikisema pisheni, pisheni.

"Mama," Chiriku akasema taratibu. "Mlango uko wazi."

"Ndiyo."

"Wameniona?"

"Wamekuona."

"Wote?"

"Wote, mwanangu."

Mtoto akafumba macho. "Na Mungu je?"

"Yeye alikuwemo humu hata nilipofunga," mama akasema, na akalia mbele za watu bila kuficha uso.

Akambeba. Hawajafika hata kizingitini, mwili ule ukakakamaa tena mikononi mwake, kichwa kikarudi nyuma, miguu ikaanza kumpiga tumboni. Hakurudi ndani. Alimbana kifuani, kopo likiwa kwapani, akapita naye hivyohivyo katikati ya majirani mpaka kwenye gari, povu likimlowesha bega, akiomba kwa sauti kubwa iliyosikika mpaka chumba cha mwisho.